Sehemu ya Ndugu wa Karibu

Mtoni, Temeke
Jumapili, 4 Februari 2024

Shangazi Editha,

Kabla sijakuamkia nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na ukimaliza uichome jikoni. Neno lolote lililomo lisimfikie Baba, wala watoto wa nyumbani, wala mama yeyote wa jumuiya. Nikisikia limetoka sitaandika tena. Nisamehe kwa kukuamuru mtu mzima. Naogopa.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzima ila joto. Mkataba wangu wa kazi wameuongeza mwaka mmoja, bado ni karani wa masjala katika kituo kilekile cha afya. Kazi yangu ni kufungua mafaili, kujaza fomu za wagonjwa wapya, na kuhakikisha hakuna faili linalopotea. Ni kazi ya kukaa, na ni wewe uliyenipa, maana ni wewe uliyemkatalia Baba nilipotakiwa kuacha shule nikiwa kidato cha pili. Sijawahi kukushukuru kwa maandishi. Leo nashukuru.

Nimeandika kwa karatasi na kuituma kwa basi kwa sababu simu yako inachajiwa kwa Baba, na meseji akizikuta husoma zote kwa sauti.

Shangazi, Revelian yuko hai.

Hayuko Afrika Kusini kama Baba anavyowaambia watu. Miaka yote sita tangu aondoke nyumbani kaka yangu amekuwa hapahapa Dar es Salaam, mingi kati ya hiyo Manzese, nyuma ya karakana za magari, pamoja na watu wanaojidunga unga. Alifika kituoni kwetu Novemba. Aliletwa na mtu anayeitwa Mudathir, baba wa watoto watatu, ambaye zamani alitumia unga yeye mwenyewe na sasa huzunguka maskani kugawa sindano safi na kuwaambia watumiaji mahali pa kupata tiba.

Kituo chetu kina dirisha la methadoni. Ni dawa ya maji. Inapimwa, mtu anaimeza mara moja kwa siku mbele ya nesi, na mwili unatulia, hautetemeki tena kutafuta unga. Haimfanyi mtu malaika. Inamwezesha kuamka asubuhi bila kuiba, bila kujidunga kwa sindano ya mwenzake, akala, akalala. Wapo walioanza wakiwa mifupa mitupu na sasa wanalipa karo za watoto.

Wengine huificha dawa mdomoni ili wakaiuze nje, kwa hiyo mkuu wa dirisha, Nesi Munira, humwambia kila mmoja akishameza, “Haya, sema.” Lazima useme neno. Wengi husema “asante” au “shwari, sista.” Revelian hutaja vijiji vya njia ya kwetu, kimoja kwa siku. “Izigo.” Kesho yake, “Muhutwe.” Nesi Munira anadhani ni majina ya wanawake. “Jana alikuwa na Izigo,” anaiambia foleni, “leo ana Muhutwe, mwanaume hatulii huyu!” Foleni nzima inacheka. Mimi nainama juu ya daftari.

Kazini hakuna anayejua kwamba ni kaka yangu. Kanuni inataka mfanyakazi mwenye ndugu katika tiba ile atamke. Sijatamka, na mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Nimekuandikia ili walau mtu mmoja wa kwetu ajue yupo.

Wako,
Genoveva


Kamachumu
27 Februari 2024

Genoveva,

Marahaba. Barua yako imekaa siku tisa kwenye ofisi ya basi kwa sababu anayetoa vifurushi alikwenda msibani na funguo. Nimeisoma. Nimeichoma.

Sisi wazima. Migomba ya upande wa chini imeshikwa na mnyauko, tumeing'oa. Baba yako mguu unamsumbua. Mdomo haumsumbui.

Nakutumia senene wa Desemba, wamo kwenye kopo la maziwa. Nimewakausha vizuri. Usiwape wasiojua kuwala, watakucheka tu.

Nimemshukuru Mungu kwa habari za huyo mtoto. Nimesali rozari nzima bila kusema ni kwa ajili ya nani. Wamedhani ni ya mguu.

Lakini hayo ya kumpimia mtu kilevi chake kwa kikombe kila siku, usiniandikie. Nakuomba. Niandikie kama anakula. Niandikie kama ana nguo. Ya kikombe acha.

Shangazi yako,
Editha


Mtoni, Temeke
Jumapili, 17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Senene wamefika salama, nakushukuru sana. Niliwafungua chumbani nikanusa nyumbani. Nusu niliwafunga kwenye karatasi nikampa Mudathir ampelekee yule unayemjua, nikisema ni kwa sababu tu tunatoka mkoa mmoja. Alirudi na salamu moja tu: “Mwambie hawa wana chumvi ya mkono wa Shangazi.”

Umeniuliza kama anakula. Anakula. Asubuhi chapati mbili na maharage, mchana wali. Uso umejaa. Vidonda vya mikononi vimekauka. Nguo anazo, za mtumba lakini safi, na anapiga pasi.

Amepata kazi pia. Kuna mama wa Kunduchi anaitwa Somoe, mkaanga samaki pale wavuvi wanapopakulia. Mudathir alimwendea akamweleza ukweli wote. Somoe alimtazama Revelian kutoka juu hadi chini akasema, “Mie kaka yangu alikufa kwa huo huo unga, choo cha msikitini. Huyu simdai utakatifu. Aje saa kumi na moja, asiniibie, basi.” Shangazi, sikuwepo, lakini Mudathir aliponihadithia nililia. Mtu asiye ndugu.

Sasa siwezi kuendelea bila kukitaja kile ulichonikataza. Nitakitaja mara moja tu. Samaki wanashushwa alfajiri na kazi ya Somoe inaisha saa tano. Dirisha letu linafungwa saa sita. Kutoka Kunduchi mpaka Temeke kwa mabasi mawili na foleni, saa moja haitoshi. Mara mbili ameshafika akakuta tumefunga. Akikosa siku nyingi mfululizo itabidi aanze upya kwa kipimo kidogo.

Njia ipo. Waliotulia hupewa dozi za kwenda nazo nyumbani, katika kisanduku chenye kufuli, na ndugu wa karibu anatia saini na kutunza ufunguo. Bila ndugu hakuna kisanduku. Na kwenye fomu ya Revelian sehemu ya ndugu wa karibu haikujazwa vizuri. Usiniulize kwa nini.

Ningekuomba uje, Shangazi. Siku mbili tu. Utie saini wewe, kama shangazi yake, na mimi nitakaa kwenye meza yangu kama sikujui. Nauli nitatuma. Najua ni ombi baya. Sikuwa na lingine.

Genoveva


Mtoni, Temeke
Jumapili, 28 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Ni wiki sita na hujajibu. Mvua zimekata barabara nyingi, najifariji kwamba ni mvua. Chumbani maji yaliingia mpaka kwenye miguu ya kitanda lakini hakuna kilichoharibika.

Revelian yu hai. Naandika hilo kwanza ili usiruke mistari.

Jumanne ya tarehe kumi na sita alikuwa amekosa dirisha siku tano. Mvua, foleni, samaki. Mwili ulimwuma, jasho, tumbo, ile hali wanayoiita arosto. Mchana akaenda Manzese, kwa wenzake wa zamani, akajidunga. Alipima kiasi kilekile cha zamani, na mwili ulikuwa umeshakisahau. Akaanguka palepale, midomo ikawa ya kijivu.

Kawaida mtu akianguka hivyo wenzake hukimbia, kwa kuogopa polisi. Hawa hawakukimbia. Mudathir alishawafundisha, ameshinda nao miezi akiwaambia, asitumie mtu peke yake, na mwenzenu akizima msimmwagie maji wala msimpige makofi. Mmoja wao, anaitwa Romani, alimpulizia pumzi mdomoni, mwingine akakimbia kumwita Mudathir aliyekuwa mitaa miwili kutoka hapo. Mudathir alikuwa na sindano ya kumzindua kwenye mkoba. Akamchoma pajani. Revelian akavuta hewa, akatukana, wakacheka wote kwa woga. Kisha wakamkimbiza hospitali kwa bajaji.

Sijawahi kusema na Romani. Nilikuwa nikimwona mtu kama yeye barabarani nahama upande. Namwombea kwa jina.

Haya niliambiwa baadaye. Mimi wakati huo nilikuwa masjala. Simu ya Mudathir ilipokelewa na Nesi Munira, akaniita kwa sauti, “Genoveva, faili la Revelian! Nisomee namba ya ndugu yake, haraka, kijana amezima huko Manzese.”

Nikalitoa. Nilijua liko rafu ya tatu. Nikafungua ukurasa wa kwanza, sehemu ya ndugu wa karibu, na pale pana neno moja kwa mwandiko wangu mzuri ulionisomeshea: Hana.

“Hana,” nikasema.

“Masikini,” akasema Nesi Munira, akaendelea na simu.

Na mimi nikakaa, Shangazi. Sikusema. Kaka yangu alikuwa amelala chini hapumui, na nikakaa nikalirudisha faili rafu ya tatu.

Sasa nikueleze ile siku ya Novemba, kwa sababu hapo ndipo nilipomficha. Alipoletwa mezani kwangu alinitambua kabla sijamtambua. Nikamwuliza jina, akasema Revelian. La ukoo? Alinitazama kidogo, akataja jina la ukoo lisilo letu. Alifanya hivyo kwa ajili yangu. Nikafika kwenye ndugu wa karibu. Nikauliza kama ninavyowauliza wote, “Una ndugu?” Hapo hakujibu. Angeweza kusema hana, ingekuwa rahisi kwangu. Alinyamaza, akaniachia mimi. Nyuma yake foleni inasubiri. Nikaandika.

Jioni nilikwenda hospitali. Mlinzi aliniuliza mimi ni nani wa mgonjwa, nikamwonyesha kitambulisho cha kazi. Revelian alikuwa amefumbua macho. Akakiona kile kitambulisho mkononi mwangu.

“Umekuja kikazi?” akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Amerudi dirishani, wamemwanzisha na kipimo kidogo. Somoe anamsubiri, ametuma samaki. Hakuna aliyenilaumu kwa kuwa hakuna anayejua. Sasa wewe unajua. Nilikuomba uje utie saini ili nibaki salama kwenye kiti changu. Silirudii ombi lile.

Genoveva


Kamachumu
Pentekoste, 19 Mei 2024

Genoveva mwanangu,

Marahaba. Mvua haikuhusika. Barua yako ya Machi niliipata siku ya nne. Niliiweka chini ya godoro kwa sababu ilinishinda.

Huku wazima wote. Mguu wa baba yako umepona.

Ulikuwa mdogo, humkumbuki mume wangu Augustine alivyokuwa kabla. Unamkumbuka amekaa barazani anasokota kamba za ng'ombe, mpole. Kabla ya hapo alikuwa anakunywa gongo kule bondeni. Nimemwokota kwenye mtaro. Nimemwokota ameng'oka meno. Siku moja gongo ile iliua watu wawili waliokaa naye benchi moja na wa tatu ikampofusha. Augustine ilimpita tu kwa kuwa alikuwa amesinzia kabla kikombe hakijamfikia. Wiki ileile akarudi bondeni. Aliapa kwa padri, aliapa kwa mama yake. Alikuwa anaapa kweli. Na bado alirudi.

Nikaanza kumtengenezea rubisi nyumbani. Ndizi zangu, mtama wangu, maji niliyoyachota mwenyewe. Nilimpa vikombe vitatu kwa siku. Cha kwanza mpaka ale. Cha pili mchana, mpaka ale. Cha tatu magharibi, na baiskeli nimeifungia ndani. Hakwenda tena bondeni. Hakuacha pombe hata siku moja. Nilimpimia miaka kumi na moja, akafa kwa uzee kitandani kwake, ameshika mkono wangu.

Wanawake wa jumuiya walijua. Walinivua uenyekiti, wakasema Editha anamlewesha mumewe ili ale shamba. Aliyesimama kusema hayo mbele ya watu alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja, baba yako. Padri aliponiuliza kama nampa pombe, nilimwambia nampa uji. Nimeungama uongo huo mara nyingi. Vile vikombe sijaviungama. Sijui ni dhambi gani niitaje.

Ndiyo maana nilikuambia ya kikombe usiniandikie. Uliposema dawa inapimwa kila siku, dirishani, na nesi wa serikali, watu wanapanga foleni na wanacheka, nilikasirika. Mimi nilipima peke yangu nyuma ya nyumba. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa inawezekana kumbe, na mimi nilitukanwa. Nimekaa nayo. Sasa haipo hasira. Namshukuru huyo Munira. Mshukuru na huyo Romani kwa niaba yangu, umpe mkono.

Kuhusu saini. Nikija kutia saini mimi, nitarudi Kamachumu. Ufunguo utakaa na nani? Hiyo ni kazi ya kila siku, mwanangu, naijua. Haimfai mtu anayepita. Saini ni yako.

Ukifukuzwa kazi hapa kuna shamba na kuna mimi. Ukisaini nitakuja kuwaona wote wawili. Nimeshamwambia baba yako kwamba nasafiri Dar kumwona mtoto wangu Revelian, kwa jina lake, mbele ya watoto. Alitoka nje. Aliporudi aliuliza basi linaondoka siku gani.

Editha


Mtoni, Temeke
Jumapili, 9 Juni 2024

Shangazi Editha,

Shikamoo, na asante. Barua yako sikuichoma.

Jumatatu ya mwisho ya Mei niliingia kwa Nesi Munira kabla dirisha halijafunguliwa, nikiwa na lile faili. Nilikuwa nimeandika maelezo ukurasa mzima nikayasahau yote. Nilimwambia, “Huyu Revelian ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Nilijua tangu siku ya kwanza. Hili neno niliandika mimi.”

Alisoma, akaweka faili chini. Nilidhani atapiga kelele.

“Unajua kilichonikera?” akasema. “Siyo uongo. Uongo hapa tunaoga nao kila siku. Ni ile Jumanne. Mie nilisimama na simu mkononi, sina wa kumpigia, na wewe uko hatua tatu. Angekufa, ningemzika na manispaa, Genoveva.”

Akaniacha nilie mpaka basi, akanisukumia karatasi ya kupangusia, akasema, “Haya, sema.” Kama anavyowaambia wao. Nikasema, “Nataka kujaza upya.”

Sikufukuzwa. Nimepewa barua ya onyo, imeingia kwenye faili langu, na nimehamishwa masjala kwenda meza ya chanjo za watoto, kwa kuwa karani hawezi kushika faili la ndugu yake. Ni haki. Kuna vilio vingi lakini ni watoto wanaolia kwa sababu nzuri. Mkataba ukiisha Januari sijui watasemaje. Bado naogopa, Shangazi, sikudanganyi. Lakini silali tena na lile neno.

Revelian aliitwa akakaa pembeni yangu wakati najaza. Jina la ukoo, letu. Ndugu wa karibu: Genoveva. Uhusiano: dada. Simu, yangu. Alisoma polepole kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani, kisha akaniuliza, “Wamekukata mshahara?” Nikasema hapana. “Basi hujaumia sana, acha kununa,” akasema.

Kisanduku bado. Wamesema mpaka Septemba, asipokosa siku hata moja, na wataanza na dozi ya Jumapili tu. Somoe amesogeza saa za kazi: sasa Revelian anakunywa dawa yake saa moja hapa, kisha anakwenda Kunduchi kuparua samaki na kukaanga mchana, wabebaji wa alfajiri ni wengine. Anapata pungufu. Anasema mafuta ya moto yamemzoea. Mwisho wa juma lililopita alikwenda Manzese tena, kuwaona wenzake. Nilimwuliza kama alitumia. Alisema alitaka, akatumia kidogo, hakuwa peke yake, na Jumatatu alimwambia Nesi Munira mwenyewe. Zamani ningesikia habari hiyo ningesema yote yameharibika. Sasa nilimpa chai.

Romani nimempa mkono wako. Alinawa kwanza.

Sasa safari yako. Panda basi la Jumatano, siyo la Alhamisi, ili ufike tukiwa na mwisho wa juma mbele yetu. Shuka stendi kuu ya Mbezi. Wakikuambia ushuke Kibaha kwa kuwa ni karibu, kataa. Usimpe mtu mzigo akubebee. Revelian atakuwa pale mahali pa kutokea abiria, amevaa shati la bluu. Usimtafute yule wa kwenye picha ya kipaimara. Amepungua mabega, ana mvi upande mmoja, na jino moja la mbele halipo. Atakutambua yeye. Kama Baba atakuwa pamoja nawe, tuma meseji kabla ya Dodoma, ili nimwandae Revelian.

Namba yangu nimeiandika hapa chini na nyuma ya bahasha. Isipopatikana, au mkipishana stendi, usihangaike: panda mabasi mpaka Temeke, uliza kituo cha afya chenye dirisha la foleni ndefu asubuhi, kila mtu anakijua. Getini kuna mlinzi anaitwa Fakihi. Ukimtajia karani Genoveva atakuambia hayupo masjala, alihamishwa. Mwambie unamtaka dada yake Revelian. Atakuleta mpaka kwenye kiti changu.

Genoveva